Walinzi wapya wa zamu ya usiku, jiko libaki nje

Kila Juni baridi ikiingia Nairobi, geti kwa geti tunakuta yaleyale. Kijana wa wiki ya pili lindoni amejikunyata kibandani, dirisha kaliziba kwa gunia, mlango kauvuta, na katikati ya miguu yake jiko linawaka jekundu. Ukimuuliza, anajibu kwa kujiamini: "Moshi umeisha, mkubwa. Makaa yameiva." Wadogo zetu, tumelisema hili hadi sauti zimekauka, na tutalisema tena.

Kwanza, basi, jiko. Makaa yakiwa na moshi macho yatawasha, utakohoa, utatoka mwenyewe. Yakishaiva hakuna cha kukutoa. Makaa yanayoungua penye hewa finyu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikifika mapafuni hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unavuta pumzi kama kawaida huku moyo na ubongo vinakosa hewa. Kibanda chenyewe kinatosha kiti na mtu mmoja. Kuacha mlango wazi upana wa ngumi hakukuokoi. Majivu yaliyofunika makaa nayo yasikudanganye, chini moto bado upo na gesi inatoka.

Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mgeni wa kazi anadhani ni usingizi, au malaria inamnyemelea, akaamua aegemee ukuta dakika tano. Dakika hizo tano ndizo zinazoua, kwa sababu akija kushtuka miguu haimbebi, na kitasa kilicho mbele ya goti lake hakifikii.

Nasi wakongwe tukubali kosa letu. Ninyi hamkujifunzia shuleni, mlituona sisi. Tulibeba makaa kutoka nyumbani kwenye mfuko wa karatasi, tukaita "kupasha kibanda", na kila aliyeletwa lindoni tukamwonyesha. Vibanda vya mabati vilikuwa na mianya kila upande, upepo ukapita, tukadhani ni ujanja wetu. Leo kibanda ni cha mawe, kina kioo, na mlango unafunga sawasawa. Tabia mliyoirithi kwetu haifai humo hata usiku mmoja.

Jiko likae nje, hatua tano au zaidi kutoka mlangoni, upande ambao upepo haurudishi hewa yake ndani. Toka, pasha mikono, rudi. Ukimkuta mwenzako amelegea, fungua mlango wote na umvute nje kwanza. Usibaki mle ukimwamsha. Anapumua? Mlaze ubavu. Hapumui? Anza kubonyeza kifua. Piga 999 au 112. Hata akizinduka aende hospitali, na daktari aambiwe neno "jiko", la sivyo anaweza kutibiwa malaria. Kwa hewa ya kawaida, nusu tu ya gesi hiyo huchukua kama saa nne hadi tano kutoka kwenye damu. Hospitalini oksijeni huitoa haraka zaidi.

Pili, nguo. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na ukiwa lindo la Karen au njia ya Limuru ni chini zaidi. Hakuna theluji, lakini manyunyu na upepo vinatosha kukuangusha. Umetembea kutoka steji, jasho limelowesha fulana, kisha unakaa nayo hadi asubuhi: hiyo pamba iliyolowa inakunyonya joto usiku kucha. Beba fulana kavu, badilisha ukifika. Juu yake sweta ya sufi, hata ya mitumba, kisha koti lisilopenya upepo. Kofia ya marvin ishuke hadi masikioni.

Tatu, miguu. Soksi mbili ndani ya gambuti inayobana ni mbaya kuliko moja, damu haipiti. Gambuti haipumui, kwa hiyo badilisha soksi saa sita usiku. Sakafu ya saruji itandikie katoni mara mbili.

Nne, bakiza nusu ya chupa ya chai kwa saa kumi na moja alfajiri, baridi inapokuwa kali kuliko zote. Pombe usiguse: inafungua mishipa ya ngozi, unahisi moto kumbe joto ndilo linakutoka.

Tano, piga doria kila nusu saa, kwa kutembea, usikimbie ukatokwa jasho. Mkiwa wawili, tazamaneni mikono. Mwambie mwenzako afunge kifungo cha juu cha koti. Akikipapasa asikipate, au ulimi umekuwa mzito kama mlevi, mwili wake umeshapoa mno. Ikiwa ametulia baada ya kutetemeka sana, usifurahi, hali imezidi. Mpeleke ndani pakavu, mvue vilivyolowa, mfunike kichwa na kifua, umpe chai yenye sukari kama anameza vizuri, na uombe msaada. Usimsugue mikono na miguu.

Leo jioni ukipokea zamu, kabla ya kusaini kitabu, inama utazame chini ya kiti. Ukikuta jiko, litoe aliyekukabidhi akiwa bado yupo, mwelezane, kisha ondoa na lile gunia dirishani.