Maswali Yenu: Sigara na Mtoto Aliye Tumboni

Swali: Nilivuta sigara wiki kadhaa kabla ya kujua kwamba nina mimba. Je, mwanangu atazaliwa na kasoro?

Jibu: Wengi waliovuta wamezaa watoto wasio na kasoro yoyote ya maumbile, lakini hatari imeongezeka. Mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9, wakati ambapo wanawake wengi ndiyo kwanza wanashtuka kwamba hedhi imechelewa. Ndiyo maana nawasihi wanaotarajia kubeba mimba waache mapema. Mwaka 2014, ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ilihitimisha kwamba uvutaji wa mwanzoni mwa mimba husababisha mdomo sungura na mpasuko wa kaakaa. Acha leo, kwani wanaoacha kabla ya wiki ya 15 wameonekana kuzaa njiti kwa kiwango kilicho sawa na cha wasiovuta. Mweleze mkunga ukweli wote, naye akikukemea badala ya kukusaidia, tafuta mwingine.

Swali: Sigara ngapi kwa siku hazimdhuru mjamzito?

Jibu: Hakuna hata moja. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na wanaolirudia wanatafuta ruhusa ambayo sitaitoa. Wala msikimbilie shisha, kwa kuwa maji yake hayazuii kaboni monoksidi, au ugoro, ambao nikotini yake humfikia mtoto vilevile.

Swali: Je, ni kweli kwamba sigara hupunguza uzito wa mtoto na kurahisisha kujifungua?

Jibu: Uzito hupungua, kwa wastani wa gramu 200 hivi, kwa sababu nikotini hubana mishipa ya damu na kaboni monoksidi hushika nafasi ya oksijeni, hivyo mtoto anakosa hewa na lishe. Isitoshe, kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati, na hapo uhai wa mama na mtoto huwa hatarini.

Swali: Mume wangu huvuta sebuleni akiwa amefungua dirisha. Inatosha?

Jibu: Haitoshi. Moshi hubaki hewani muda mrefu, na mjamzito anayeuvuta bila hiari yake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mfu au mwenye uzito pungufu. Inanisikitisha kwamba kliniki humhoji mama kila anapohudhuria, ilhali baba anayevuta pakiti nzima nyumbani haulizwi lolote. Aende naye, aulizwe mbele yako, na asaidiwe kuacha kabla mtoto hajazaliwa, maana moshi huohuo huongeza hatari ya kichanga kufariki ghafla usingizini.