Amefukuzwa, ameachishwa au amepunguzwa?

Swali: Nafasiri habari za biashara, na siku hizi haipiti wiki bila habari ya kiwanda cha magari kupunguza watu. Wenzangu wengine huandika "wamefukuzwa", wengine "wameachishwa", wengine "wamesimamishwa". Je, maneno haya ni mamoja? Na "kupunguzwa" si tafsida tu ya kufukuzwa?

Jibu: Si mamoja, na linaloumiza zaidi likitumiwa vibaya ni hilo la kwanza. Anayefukuzwa kazi ana kosa, au angalau mwajiri anadai analo: ameiba, amepigana, ametoroka zamu. Fundi aliyefunga milango ya magari kwa miaka ishirini, akatolewa kwa kuwa gari lile haliundwi tena, hakufukuzwa. Ukiandika hivyo unamtwisha aibu ambayo hata mwajiri wake hakumtwisha, naye bado ana kazi nyingine ya kuomba.

Kuachishwa kazi ni pana zaidi. Linasema mwajiri ndiye aliyeamua, na sababu linaiacha wazi. Ukiwa na shaka, tumia hilo. Ila chunga kiambishi: aliyeacha kazi na aliyeachishwa wametofautiana kwa herufi chache tu, lakini mwamuzi amebadilika. Mwaka 1913 kampuni ya Ford ililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili ibaki na wafanyakazi wapatao 14,000, kwa sababu kazi ya kurudiarudia kwenye mstari wa kuunganishia magari iliwachosha watu wakaenda zao. Wengi wao waliacha. Januari 1914 kampuni ikatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya yale ya awali, ili watu wakae. Andika "waliachishwa" na habari nzima inapinduka: anayewabembeleza watu wabaki anageuka kuwa ndiye aliyewatoa.

Aliyesimamishwa bado ni mfanyakazi. Katika mgomo wa 2023 nchini Marekani, Ford iliwarudisha nyumbani wafanyakazi wapatao 600 ambao hawakuwa wamegoma, kwa kuwa kazi yao ilitegemea idara iliyogoma. Hao walisimamishwa kwa muda. Maneno "kwa muda" usiyaache, na sababu uitaje, kwa maana "amesimamishwa kazi" likibaki peke yake msomaji hufikiria nidhamu na uchunguzi.

Sasa kupunguzwa. Mimi silioni kuwa tafsida. Linasema idadi imeshuka na halimlaumu aliyeondoka, jambo ambalo ni haki yake. Tafsida ni "kuboresha muundo wa rasilimali watu", maneno ambayo mfasiri hana sababu ya kuyabeba jinsi yalivyotoka kwa msemaji wa kampuni. Kazi yako ni kuuliza kinachopunguzwa ni nini: watu au nafasi? Desemba 2024 Volkswagen na chama cha wafanyakazi cha IG Metall walikubaliana kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani kufikia 2030, bila kumwachisha mtu kwa lazima. Wengine watastaafu mapema, na baadhi ya nafasi zikibaki wazi hazitajazwa. Kichwa cha habari kinachosema "Volkswagen yafukuza watu 35,000" kina makosa mawili: hakuna aliyefukuzwa, na kilichohesabiwa si watu. Tofauti hii utaihitaji sana kadiri magari ya umeme yanavyoongezeka. Mota ya umeme ina sehemu chache kuliko injini ya mafuta, hivyo nafasi ya mtengeneza injini inaweza kufutwa, na mwenyewe akafundishwa upya na kuhamishiwa kwenye betri.

Kuna na mtego wa sarufi. "Amepunguzwa kazini" ametolewa. "Amepunguziwa kazi" yumo bado, ila mzigo wake umekuwa mwepesi. Volkswagen hiyohiyo, mwaka 1994, iliwapunguzia wafanyakazi wake wa Ujerumani saa za kazi hadi 28.8 kwa wiki, na mapato nayo yakashuka. Walipunguziwa saa ili wasipunguzwe.