Re: Diski za breki zenye matundu au za kawaida?
Mkuu kwa hiyo Altezza yako ya kukimbizia achana na zenye matundu, zinapendeza macho tu ila moto ukizidi nyufa zinaanzia hapo hapo kwenye tundu, chukua za kawaida zenye uwazi wa hewa katikati. Ukienda kuzitafuta mtumba hapo Nyakato Mwanza beba venia (kile kipimo cha unene), kwenye diski tafuta palipoandikwa MIN TH na milimita zake, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa, afu pima pale pedi inaposugua sio ukingoni, ukingo hauliwi utapigwa. Vinyufa kama nywele sio kesi, ila ukucha ukinasa au ufa umefika ukingoni hicho ni chuma chakavu. Yangu ilikuwa inatetemesha steringi nikishuka kilima cha Bugando, kuifungua, madoa ya bluu kibao, alama ya moto kuzidi.