Maswali ya Wasomaji: Mfumo unaolemewa kila ikifika saa 7 mchana

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mmoja wa mafundi watatu tunaosimamia mfumo wa mauzo wa maduka ya dawa mkoani Morogoro. Miundombinu yetu yote iko AWS (seva za kukodi za Amazon), nasi tumeiandika kwa msimbo wa Terraform, programu inayounda seva na diski kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa. Maduka hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Asubuhi mfumo huenda vizuri, lakini ikikaribia saa 7 mchana risiti moja huchukua hata nusu dakika kutoka. Tumeongeza ukubwa wa seva ya hifadhidata mara mbili bila nafuu yoyote. Vipimo vinaonyesha kwamba asubuhi diski husoma na kuandika mara 400 hivi kwa sekunde, na mchana hushuka hadi 100, tukadhani wateja wamepungua. Prosesa nayo haifiki asilimia 30. Je, msimbo wenyewe unaweza kutuonyesha tatizo lilipo? Nimeambatanisha kipande kinachohusu hifadhidata.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yetu, katika kipande ulichotutumia kuna mistari miwili inayotosha kulijibu swali lako: storage_type = "gp2" na allocated_storage = 20. Wa kwanza unachagua aina ya diski na wa pili unaipa ukubwa wa GB 20, na ukiusoma kila mmoja peke yake huoni kasoro. Kasoro hujitokeza unapoisoma pamoja. Diski ya gp2 hupewa kasi kulingana na ukubwa wake, operesheni 3 (yaani kusoma au kuandika mara 3) kwa sekunde kwa kila GB, ila haishuki chini ya 100. Hivyo GB 20 zenu, ambazo kwa hesabu zingepata 60, zimepewa 100. Ndiyo ile 100 mnayoiona mchana. Wateja hawakupungua, bali wamepanga foleni.

Asubuhi hamlioni tatizo kwa sababu diski ndogo za aina hii huwekewa akiba ya operesheni milioni 5.4, na maadamu akiba ipo zinaweza kufika 3,000 kwa sekunde. Ni kama tangi la maji la nyumbani: bomba hudondosha kidogo kidogo usiku kucha, asubuhi familia nzima ikaoga bila shida, na ikifika mchana kinachobaki ni yale matone. Mkitumia 400 huku mkirudishiwa 100, akiba hupungua kwa 300 kila sekunde, kwa hiyo tangi lililojaa hukauka baada ya sekunde 18,000, yaani muda wa saa 5, na ukihesabu tangu saa 2 asubuhi unaangukia saa 7 mchana. Kulijaza tena likiwa tupu kunahitaji saa 15, ilhali usiku wenu una saa 14 tu. Natarajia basi kwamba Jumatatu, baada ya mapumziko ya Jumapili, mfumo huchelewa kulemewa kwa dakika 20 hivi kuliko siku nyingine. Kabla ya kuniamini, tazameni katika CloudWatch, huduma ya vipimo ya AWS, kipimo cha akiba iliyobaki kiitwacho BurstBalance, muone kama hugusa sifuri wakati uleule risiti zinapoanza kukawia.

Kuongeza ukubwa wa seva hakukusaidia kwa sababu mlichonunua ni prosesa na kumbukumbu. Kumbukumbu kubwa hupunguza kusoma diski, lakini kila uuzaji bado hauna budi kuandikwa kwenye diski.

Wapo watakaowashauri mkuze diski hadi GB 134 ili mfikie hiyo 400. Sishauri hivyo, kwani diski ya RDS, huduma ya hifadhidata ya AWS, ikishakuzwa haipunguzwi moja kwa moja. Badilisheni gp2 iwe gp3, ambayo huanzia operesheni 3,000 kwa sekunde bila kutegemea akiba. Mfanye hivyo maduka yakiwa yamefungwa, na mkumbuke kwamba bila mstari wa apply_immediately = true, unaoagiza badiliko lifanyike papo hapo, litasubiri muda wa matengenezo uliopangwa, kisha hamtaweza kuigusa tena diski hiyo kwa saa 6.

SWALI: Je, ipo programu ya kukagua msimbo wa Terraform na kugundua matatizo ya kasi kabla hatujaupeleka kwenye seva?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Zipo, lakini msizitarajie mengi. TFLint, kwa mfano, itakuonya ukichagua aina ya seva iliyopitwa na wakati. Mistari miwili ya mwenzako wa Morogoro, hata hivyo, ingepita bila kelele, maana yote ni halali, na ile 400 inayoifanya iwe tatizo haikuandikwa popote katika msimbo. Kwangu mimi dawa ni kuiandika: weka mzigo unaotarajiwa kama kigeu (thamani yenye jina ndani ya msimbo), kisha tumia precondition, yaani sharti linalokaguliwa kwanza, iliyopo tangu Terraform 1.2 ya mwaka 2022, kuzuia gp2 yoyote ambayo ukubwa wake ukizidishwa kwa 3 haufikii mzigo huo. Fundi mgeni akija kuandika diski ndogo ili kubana matumizi, amri ya plan, inayoonyesha mabadiliko kabla hayajafanyika, itamkatalia hapo hapo mezani kwake.