Aulizwe Kwanza Anayeukanyaga Uwanja Jumatatu

Swali la wiki lilikuwa hili: klabu ya mtaani ikitaka kuboresha uwanja wake, ni nani aulizwe maoni kwanza, na aulizwe vipi? Mimi ni mkazi wa Nakuru. Binti yangu anacheza kriketi, nami wikendi huketi kando ya uwanja na daftari nikiandika alama za klabu yetu, ambayo sasa hivi inapanga kujenga vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo, sehemu ya mazoezi yenye nyavu na pichi mpya, yaani ule ukanda wa katikati ambako mpira hurushwa na kupigwa. Jibu langu ni kwamba aulizwe kwanza yule anayeukanyaga uwanja Jumatatu, siku ambayo sisi wa klabu hatupo. Na aulizwe akiwa pale pale nyasini, kabla mchoraji hajachora mstari hata mmoja.

Nasisitiza hiyo "kabla" kwa sababu tumeshaonja kinyume chake. Kuna mradi mwingine mtaani ambao tuliitwa kuutolea maoni. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, mgeni rasmi akachelewa, mchoro wa rangi ulikuwa umeshabandikwa ukutani, halafu karatasi ya mahudhurio ikazungushwa: jina, nambari ya simu, sahihi. Mama mmoja aliuliza maji ya mvua yatapitia wapi, akajibiwa kwamba kandarasi imeshatolewa. Sahihi zetu ndizo zilizotumiwa kuthibitisha kwamba tulishirikishwa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 10, inauweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Siamini kwamba walioiandika walikuwa wanawazia karatasi ile.

Sasa nije kwa uwanja wetu. Ukifika asubuhi ya siku ya shule utaona watoto wakiukata kimshazari, kutoka kona ya makazi hadi kona ya barabara. Wamepita hapo miaka mingi hadi nyasi zimekufa na kumebaki mfereji mwembamba wa udongo wetu huu wa vumbi la volkano. Mpira ukigonga ukingo wa mfereji huo huruka bila taarifa, na wachezaji wetu wameumia vidole na midomo. Ndiyo maana kamati ilikuwa imeshaamua kuweka ua wa waya kuzunguka uwanja wote. Tulipowasimamisha watoto na mama zao tukawauliza, tuliambiwa jambo rahisi: njia nyingine ya kufika shuleni ni kandokando ya barabara kuu, penye matrela. Hakuna mzazi atakayekubali hilo, na ua ungekatwa wiki ya kwanza. Kilichofaa ni kuisogeza njia pembeni, nje ya mpaka wa kuchezea, iwekwe kokoto na iwe na vilango viwili visivyofungwa mchana. Nafasi ipo. Hata mechi za kimataifa za wanaume huruhusu mpaka uwe mita 59.43 kutoka katikati ya pichi, na sisi tuna zaidi ya hapo pande zote.

Mtu wa pili wa kuulizwa ni mtunza uwanja, na hapa nitakaa kidogo. Rasimu iliyoletwa mapema iliilaza pichi kutoka mashariki hadi magharibi, kwa sababu ilikaa vizuri kwenye ploti na jengo jipya likaweza kuitazama kutoka ubavuni. Kamati iliipenda. Mzee anayetutunzia uwanja hakusema neno mle ndani. Tulipotoka akaniambia, "Mama, njoo saa kumi na mbili kasorobo jioni, usimame pale." Nikaenda. Nikasimama mahali ambapo wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, ingekaa, yeye akatembea hadi upande wa pili, mita ishirini hivi, akanirushia mpira wa tenisi polepole. Niliuona mkono wake ukipanda. Mpira wenyewe sikuuona hadi ulipodunda mbele ya miguu yangu, maana jua lilikuwa juu kidogo ya kichwa chake. Huo ni mpira wa tenisi. Mpira halisi wa kriketi ni wa ngozi ngumu, una uzito wa gramu 156 hadi 163, na kijana mwenye mkono mzuri huurusha kwa kasi ya pikipiki barabarani. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua letu halitoki mbali na magharibi mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu ambao hatari hiyo ingepungua. Pichi lazima ielekee kaskazini na kusini. "Si nilikuwa sijaulizwa, mzee mwenzangu," alimwambia mwenyekiti alipoulizwa kwa nini alinyamaza. Mchoro umerudiwa, na malipo ya mchoraji yamelipwa mara mbili kutoka kwa michango yetu.

Vijana wa soka nao walikuja juu waliposikia tunataka kumwaga zege katikati ya uwanja na kulitandikia zulia la nyasi bandia. Wana haki. Wao huchezea hapo kila jioni, na goti likiangukia zege haliponi haraka. Wapo wachezaji wetu waliosema uwanja ni wa kriketi na wengine watafute kwao. Siungani nao hata kidogo. Pichi ya nyasi halisi ingekuwa nzuri kuliko zote, lakini inahitaji udongo wa mfinyanzi unaoshikana, rola nzito, maji mengi na mtu wa kuishughulikia kila siku, na udongo wetu ni mwepesi. Zege tutahitaji. Ila tulipopima pamoja na vijana hao kwa kamba, tuliona kwamba upande mmoja wa pichi unatosha uwanja mdogo wa soka wa wachezaji saba kila upande, wa mita 55 kwa 37, bila kuligusa zege. Timu kamili ya watu kumi na mmoja haitoshi hapo, nao wameambiwa hivyo waziwazi, na jambo hilo bado linauma. Tumekubaliana tutafute nao nafasi kwingine, na sijui kama tutafaulu.

Jambo ambalo hakuna mtu wa klabu angelifikiria lilitoka kwa mama anayeuza chai karibu na lango. Kamati ilitaka kuchimba kisima, kitoe maji ya nyasi, ya vyoo na ya kunywa. Mama huyo alimwita kijana wake mkubwa, akamwambia acheke. Meno yalikuwa na madoa ya kahawia, kama ya watu wengi waliokulia Nakuru na kwingineko katika Bonde la Ufa. Maji ya visima vingi huku hupita kwenye miamba ya volkano na kuchukua floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekunywa iliyozidi wakati meno yake yanaumbika hubaki na madoa hayo maisha yake yote. Ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri hata mifupa. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Kwa hiyo kisima, kikichimbwa, kiwe cha nyasi na vyoo, na maji ya kunywa yatoke kwenye mvua ya paa. Maana yake ni kwamba paa la jengo, mifereji yake na tangi lazima vipangwe pamoja tangu mwanzo, kwani tangi likija baadaye halitakuwa na mahali pa kukaa. Swali la kikombe cha chai limebadilisha umbo la jengo zima.

Wasichana waulizwe peke yao, na waulizwe na mwanamke. Wetu walisema mambo ambayo hawangeyasema mbele ya kocha: choo chenye komeo linalofunga kwa ndani, pipa la taka lenye kifuniko, taa kati ya vyumba na lango, na mazoezi yaishe mapema wafike nyumbani kabla ya saa moja. Binti yangu aliongeza kwamba wanapewa mpira wa wavulana, ilhali mpira wa wanawake una gramu 140 hadi 151. Hilo halihitaji fundi wala bajeti ya kaunti. Ni kununua tu.

Wenye ulemavu Katiba imewataja katika Kifungu cha 54, kwamba wana haki ya kufika mahali popote pa umma. Lango letu lina ngazi. Iwekwe njia ya mteremko, basi.

Najua kuna watakaosema ukiuliza kila mtu hutajenga kamwe. Mimi sisemi kila ombi likubaliwe. Wanabodaboda waliomba stendi ndani ya lango, nasi tukakataa kwa sababu ndipo ambulensi itakapopita mchezaji akiumia. Wenye ng'ombe waliomba malisho. Tulikataa wanyama kukanyaga uwanja ukiwa umelowa, lakini nyasi zikikatwa waje wabebe bure. Wote walielezwa sababu ana kwa ana, na nimeona kwamba mtu aliyenyimwa akaelezwa huondoka akiwa jirani, lakini aliyepuuzwa hurudi usiku na koleo la kukatia waya.

Na kwa kriketi hasa, majirani ndio akiba ya mchezo wenyewe. Tunapokumbuka 29 Februari 1996 kule Pune, Kenya ilipowashinda West Indies baada ya kuwatoa wote wakiwa na mikimbio (alama) 93 tu, au 2003 tulipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, tazameni majina ya wachezaji wetu wa miaka hiyo: Tikolo ndugu watatu, Obuya ndugu watatu, Odumbe wawili, Suji wawili. Kijana aliushika mchezo, kaka akamfuata, mdogo wao akafuata. Mchezo wa namna hiyo hukua pale mtoto anapoweza kuingia uwanjani bila kuulizwa babake ni mwanachama. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya mechi za siku moja za kimataifa, na hatutairudisha kwa kujifungia ndani ya waya na watu wale wale.

Ombi langu kwa kamati yetu, na kwa klabu yoyote ya Kisumu, Kakamega au Eldoret iliyo na mpango kama huu, ni kuangalia kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Ukifika kwa mwakilishi wadi na ombi lako Oktoba, umekosa mwaka mzima wa fedha. Vikao vya nyasini vifanywe Juni na Julai, saa tofauti tofauti, asubuhi ya watoto na jioni ya soka. Kisha mwanzoni mwa Agosti ibandikwe langoni karatasi ya majibu, kwa Kiswahili, yenye kila ombi lililotolewa, kama limekubaliwa au la, na sababu yake.

Kwenye karatasi hiyo iandikwe pia jambo ambalo bado tunalibishania: ufunguo wa vyoo vipya utashikwa na nani siku za kazi. Wengine wanataka ukae kwa katibu, anayefanya kazi mjini na kurudi usiku. Mimi napendekeza ukae kwa mama wa chai pale langoni, na klabu imlipe kila mwezi kwa kazi hiyo.