Msomaji anauliza: Wikendi Entebbe, kuna nini zaidi ya airport na bichi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa historia mwaka wa pili hapa Kampala, kwetu ni Mwanza. Nataka kwenda Entebbe wikendi nione mji mkuu wa zamani wa mkoloni lakini wenzangu wa hosteli wananikatisha tamaa, wanasema kule ni airport na bichi tu, pesa yenyewe ndo hii ya mwanafunzi. Je niende nirudi siku hiyohiyo au nilale? Na nianzie wapi?
— Mwanafunzi, Wandegeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda, na ukiweza ulale usiku mmoja. Hao wenzako wengi wao Entebbe wanaijua kwa kusindikiza mtu anayesafiri, wanashuka, wanaaga, wanarudi, sasa watauonaje mji?

Jumamosi asubuhi mapema panda taksi za Entebbe, hizi basi ndogo kama daladala zenu, kule taksi paki mjini, uliza nauli kabla hujakaa. Ukifika Kitoro, mtaa wa hapo Entebbe, tafuta gesti uache begi, gesti za bei ya chini ziko huko, alafu mwambie boda akupeleke Botanical, ile bustani ya mimea, anapajua.

Hapo Botanical usikimbie. Watu wanaingia kupiga picha za harusi wanatoka, na kweli panapendeza, miti mikubwa, mbega wako juu wanaruka na ile mikia yao mirefu myeupe, na tumbili wako chini wanakuvizia, ukifungua mfuko wa karanga tu kamekwisha kuchukua. Lakini wewe wa historia jua kwamba ile bustani ilianzishwa 1898 kwa kazi, sio kwa kupumzika. Serikali ya Mwingereza ilikuwa inajaribu pale mimea ya biashara, mpira, kakao, kahawa, ione nini kitaota vizuri huku kwetu ili mkulima alime na kiuzwe nje. Kahawa unaijua mpaka leo inabeba nchi hii. Na Wizara ya Kilimo makao yake bado yako hapohapo Entebbe, haikuhama na wengine baada ya uhuru wa 1962.

Kwa nini walikaa pale? Ziwa. Mjumbe wa Uingereza Gerald Portal alipofika 1893 alihamishia kituo chake pale akapaita Port Alice, jina la mke wake, mwaka uliofuata Uingereza ikatangaza himaya yake. Kabaka, mfalme wa Buganda, alibaki Mengo kule Kampala na watu wake, Mwingereza akakaa pembeni na bandari yake, na reli ilipofika Kisumu 1901 watu na mizigo vikawa vinavuka kwa meli. Simama pale chini bustani inapokutana na maji uangalie upande wa visiwa ndo utaelewa ninachosema.

Na hapohapo ukumbuke ugonjwa wa malale. Inakadiriwa watu zaidi ya laki mbili walikufa kandokando ya ziwa hili miaka ile, daktari Mwingereza David Bruce alikuja Entebbe 1903 akaonyesha kwamba mbung'o ndo wanaeneza, na kuanzia 1906 gavana Hesketh Bell akaamuru watu waondolewe pwani ya ziwa, baadaye na visiwa vya Ssese. Vijiji vizima viliondoka na mji wa serikali ukabaki. Mimi hili linaniuma kila nikipita pale, na waongoza watalii wachache sana wanalitaja.

Jioni kula samaki na muhogo Kitoro, kunachangamka.

Jumapili nenda Kigungu, nyuma ya uwanja wa ndege. Wewe mtu wa Mwanza hapa pako: padri Lourdel na bruda Amans walitoka huko kwenu kusini mwa ziwa kwa mtumbwi wakashukia Kigungu tarehe 17 Februari 1879, Wamisionari Wakatoliki wa kwanza Uganda. Kuna kanisa na ukumbusho, ni pazuri na watu sio wengi kama bichi.

Ukibaki na hela pitia bustani ya wanyama, UWEC, beba kitambulisho maana bei ya Mwafrika Mashariki iko chini kuliko ya mtalii wa nje. Ile airport ya zamani, ya mateka wa ndege iliyotekwa 1976, ni eneo la jeshi, usijaribu kuingia, na usitoe simu kupiga picha hapo wala Ikulu, wanajeshi hawana utani na hilo.

Kurudi panda taksi mapema, kabla ya saa kumi, Jumapili jioni kutoka Kajjansi mpaka Kibuye jamu inakuwa mbaya sana na Jumatatu una lekcha asubuhi.