Katriji ya zamani ya Game Boy haifutiki
Umeuliza kama unaweza kufuta katriji ya zamani ya Game Boy, ile mashine ya mkononi ya gemu ya Nintendo, ukaweka gemu ya bure uliyopakua. Hapana ndugu, haiwezekani. Data yake iliwekwa kwenye chipu kiwandani, haibadiliki tena. Tafuta katriji tupu yenye memori ya flashi, pamoja na kifaa cha kuandikia kinachochomekwa USB, mfano GBxCart RW. Kabla hujalipa hakikisha katriji inakubali MBC5, aina ya chipu ya kusimamia memori ya katriji, ndiyo gemu za GB Studio (programu ya kutengenezea gemu za Game Boy) hutumia kwa kawaida. Ukiwasha ukaona mstatili mweusi badala ya nembo ya Nintendo, usilaumu faili: sugua meno ya katriji, yale ya chuma yanayogusa mashine, kwa pamba yenye spiriti, yakauke, jaribu tena. Na kama gemu inahifadhi ulipofika, ulizia kama katriji ina betri au FRAM, memori isiyopoteza data umeme ukikatika. Mimi sikuuliza, jioni nzima ikapotea nilipozima.